Kodi tunalipa. Je, thamani yake inafika kijijini?

Kila mwaka mwezi Juni, Waziri wa Fedha akimaliza kusoma bajeti kule Dodoma, simu za studio yetu hazipumziki. Mmoja anauliza petroli imefika ngapi, mwingine saruji, mwingine anataka kujua kama tozo imerudi. Lakini swali linalokuja kuliko yote ni hili: hizi pesa tunazokatwa, mbona hatuzioni? Kwenye kipindi hatuwezi kulijibu sawasawa, maana dakika ishirini zinakwisha upesi na matangazo ya vifo yanasubiri. Ndiyo maana tumeliandika hapa, usome taratibu, na ukipenda umsomee na jirani asiye na simu.

Kwanza tuliondoe neno moja njiani. Wapo wanaosema mtu wa kijijini halipi kodi, kwa hiyo asidai kitu. Wengine ni wasikilizaji wetu wenyewe, watu wazima na akili zao. Neno hilo si kweli.

Chukua vocha ya shilingi 1,000. Huduma za mawasiliano zinatozwa ushuru wa bidhaa, ambao mwaka 2014 ulipangwa kuwa asilimia 17. Juu yake inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, asilimia 18, nayo inapigwa kwenye bei ambayo tayari imeshabeba ule ushuru. Ukifanya hesabu kwa viwango hivyo, katika ile 1,000 yako kama shilingi 275 ni za serikali. Hakuna aliyekuuliza una kazi gani wala una mshahara. Mkulima wa mhogo wa Madanga na mkurugenzi wa benki Dar es Salaam, kwenye vocha ya buku, wanakatwa sawasawa.

Sasa chukua kijana wa bodaboda. Katika kila lita ya petroli kuna zaidi ya shilingi 800 za kodi na tozo mbalimbali. Akitumia lita tatu kwa siku, akafanya kazi siku sita kwa wiki, kwa mwaka mashine yake inakuwa imepitisha zaidi ya shilingi laki saba kwenda serikalini. Ni kweli hazitoki zote mfukoni mwake, sehemu anailipa abiria kwenye nauli. Lakini abiria mwenyewe ni nani? Ni mama anayepeleka ndoo ya dagaa mnadani. Mlinganishe huyo kijana na karani wa mjini mwenye mshahara wa 400,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara, ambapo 270,000 za mwanzo hazikatwi na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 8, karani huyo hazidishi shilingi 10,400 kwa mwezi, yaani kama laki moja na elfu ishirini na tano kwa mwaka. Karani naye ananunua vocha na kupanda bodaboda, hatukatai. Tunachosema ni kwamba mtu wa kijijini analipa, ila analipa bila risiti yenye jina lake.

Mvuvi wa Kipumbwi ndiye anayetuchekesha na kutusikitisha kwa pamoja. Katika petroli anayotia kwenye mashine ya boti kuna fedha ya mfuko wa barabara. Analipia barabara ambayo boti yake haitapita hata siku moja.

Je, kodi zetu ni kubwa? Ukipima nchi nzima, jibu linashangaza kidogo. Kodi yote inayokusanywa Tanzania ni kama asilimia 12 mpaka 13 ya pato la taifa. Wastani wa nchi za Afrika unakaribia 16. Denmark, ambako watu husifu hospitali na shule, wanavuka 40. Kwa kipimo hicho sisi ni watu wa kodi ndogo. Lakini kipimo hicho hakimsaidii anayenunua mafuta ya kula ya kupimiwa kwenye kikombe, kwa sababu sehemu kubwa ya kodi zetu imejificha ndani ya bei, na kodi ya ndani ya bei humbana zaidi mwenye kipato kidogo. Mwenye kipato kikubwa anatumia sehemu tu ya pesa yake na nyingine anaiweka. Wewe unaitumia yote, kwa hiyo yote inapita mlangoni kwa mtoza ushuru. Na yule wa Denmark akiugua hanunui glovu.

Wapangani kulumbana juu ya kodi si jambo la jana. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika ukusanyaji wa ushuru wa forodha katika miji ya pwani, kwa mkataba iliouandikiana na Sultani wa Zanzibar. Hapa kwetu ndipo moto ulipowaka, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake mpaka aliponyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Ushuru wenyewe haukuwa kitu kigeni, watu walikuwa wakiulipa kwa Sultani. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa ni nani anauchukua, na kwa idhini ya nani. Miaka mingi baadaye wazee wetu walijua kodi nyingine, ile ya kichwa, iliyokuja kuitwa kodi ya maendeleo, ambayo mgambo wakija wanaume walilala shambani. Ilifutwa mwaka 2003 na hakuna aliyelia. Lakini kuna kitu kilipotea pamoja nayo: stakabadhi mkononi. Aliyekuwa nayo aliweza kusimama mkutanoni akasema, mimi nimelipa, nionyesheni zahanati. Wa leo analipa zaidi, ila hana cha kuonyesha.

Ndiyo maana tunataka tuiangalie kwa makini tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021. Kila aliyetuma au kutoa pesa kwa simu alikatwa, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea kiasi, mbali na ada ya kampuni ya simu. Wenye kumbukumbu wanajua jinsi watu walivyokasirika. Kwa mtu wa huku simu ndiyo benki. Mtoto yuko Dar, anamtumia mama yake elfu thelathini ya dawa. Anakatwa yeye wakati wa kutuma, anakatwa mama wakati wa kutoa. Serikali ikapunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000, lakini tozo ikapanuliwa hadi kwenye benki, kelele zikaanza upya, na kuanzia Oktoba baadhi ya makato yakaondolewa. Julai 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ikabaki ya kutoa.

Sasa sikiliza upande wa pili. Tozo ile ilikuja na ahadi yenye jina. Serikali ilisema itajenga vituo vya afya zaidi ya 200 katika tarafa zisizokuwa navyo, na kumalizia madarasa ambayo wananchi walikuwa wameyafikisha kwenye maboma. Vituo vilipangiwa shilingi milioni 500 kila kimoja, na mafundi wakachukuliwa wa hukohuko. Mwaka huohuo wa 2021 ukaja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, trilioni 1.3, uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja la sekondari. Nayo shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya mafuta 2021 ilitajwa kuwa ni ya TARURA, kwa ajili ya barabara za vijijini. Unaweza kuipenda au kuichukia tozo, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu wa kawaida aliambiwa: makato haya yanakwenda pale, kwa kiasi hiki. Watu walikwenda kuhesabu matofali. Walipoona boma limesimama bila bati walipiga simu redioni wakitaja fedha kwa tarakimu. Kabla ya hapo walikuwa wanalalamika kwa jumla tu.

Maoni yetu ni kwamba hicho ndicho kilichokuwa kizuri katika tozo ile, nacho ndicho tulichokiacha kirudi gizani. Makato ya simu bado yapo, ya mafuta yaliongezwa shilingi 100 nyingine 2023, saruji nayo ikawekewa shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, lakini ni nani leo kijijini anayeweza kukuambia ile shilingi 1,000 ya saruji imejenga nini?

Hapo tunazungumzia majengo. Nayo yamekuja, tusiwe wachoyo wa kusema. Mtu aliyeondoka Pangani miaka kumi na tano iliyopita akirudi leo ataona madarasa, ataona lami, ataona nyumba za kijijini zina umeme. Anayesema hakuna kilichofanyika hajatembea. Tatizo linaanza ukishaingia ndani ya jengo.

Twende shuleni. Tangu 2016 elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne haina ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaongezwa. Serikali hupeleka fedha ya ruzuku kwa kila mwanafunzi. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na hazifiki shuleni kama fedha. Zinazofika ni 6,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kiwango cha elfu kumi kilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati shilingi elfu kumi ilikuwa inanunua mzigo wa kubeba kichwani. Shule yenye watoto 400 inapokea kama laki mbili kwa mwezi. Hapo itoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, na mengine yote ya kuiendesha shule. Mwalimu mkuu anafanya nini? Anaita kikao cha wazazi.

Ndiyo michango inapoanza. Uji wa watoto, mlinzi, mitihani ya majaribio, dawati. Hatusemi michango yote ni haramu. Chakula cha mtoto, sare na madaftari miongozo yenyewe inamwachia mzazi. Lakini mama anapokuwa ameshalipa kwenye vocha, kwenye sabuni na kwenye nauli, kisha akaombwa 15,000 ya mchango, mkononi mwake hiyo ni kodi ya pili kwa huduma ileile. Na yeye huihesabu hivyo. Tukitaka kujua kama kodi inaleta huduma ya thamani yake, tuhesabu na hicho anacholipa mara ya pili.

Kwenye afya ni hivyohivyo, tena pabaya zaidi kwa sababu ugonjwa haungoji kikao. Sera inasema mama mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo watibiwe bure. Kinachotujia kwenye simu za wasikilizaji ni kwamba kumuona daktari ni bure, ila dawa imekwisha, kanunue dukani. Bima ya CHF iliyoboreshwa, iliyopangwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ilikuwa nafuu kabisa ukilinganisha na gharama ya kulazwa mtu mmoja. Watu wengi waliikata mwaka wa kwanza, wakikosa dawa mara mbili, mwaka wa pili hawakurudi. Hatuwalaumu. Mtu anayekata bima na asipate dawa hafanyi biashara tofauti na anayenunua tiketi ya basi lisilokuja.

Kwa nini jengo linapatikana na dawa inakosekana? Jengo lina siku ya kuzinduliwa. Lina utepe, lina picha, lina jiwe la msingi lenye jina. Paketi ya dawa za malaria haizinduliwi na mtu. Muuguzi wa pili wa zahanati, yule ambaye angemwezesha mwenzake kulala usiku mmoja, hana jiwe la msingi. Hii si tabia ya Pangani peke yake wala ya Tanzania peke yake. Lakini ndiyo inayofanya kodi ionekane kubwa, kwa kuwa mtu hapimi zahanati kwa rangi ya ukuta. Anaipima siku mtoto ana homa.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya hesabu. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Kulipa deni la serikali kulitengewa takriban trilioni 13, na mishahara kama trilioni 11.8. Yaani nusu ya fungu lote lilikuwa limeshapata mwenyewe kabla hujafika kwenye kidonge wala chaki. Mishahara ni walimu na wauguzi wenyewe, kwa hiyo hiyo ni huduma. Deni ndilo la kulitazama.

Litazame kwa mfano wa daraja letu. Kila mtu hapa anajua maana ya mto ule. Hospitali ya wilaya iko mjini. Anayetoka Mwera au Mkwaja na mgonjwa anafika Bweni anakuta maji, na hapo anasubiri kivuko. Daraja la mita 525 ni sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, na fedha yake kubwa ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa Desemba 2019. Mradi wa maji wa miji 28, ambao Pangani imo, nao ni mkopo, huu wa India. Tunasikia watu wakisema daraja limeletwa na fulani, maji yameletwa na fulani. Aliyeyaleta ni wewe, ila hujamaliza kulipa. Mkopo ni kodi ya miaka ijayo, na watoto walioko darasa la pili leo wataikuta kwenye vocha zao.

Kwetu sisi daraja lina thamani ya kukopewa. Mjamzito kuvuka usiku bila kubembeleza boti, nazi na mihogo ya Mwera kufika sokoni bila foleni, hayo yanalipa. Si kila mkopo uko hivyo, na kuutofautisha mmoja na mwingine kunahitaji mtu kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, inayomfikia Rais kila mwisho wa Machi na kuwekwa wazi bungeni mwezi Aprili. Kuna sehemu nzima ya halmashauri. Tutaendelea kuisoma kwenye kipindi, japo wengine wanatuambia inachosha.

Majirani zetu walifika mahali pabaya. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha, watu wakapoteza maisha, na Rais Ruto akakataa kuusaini. Ukiwasikiliza, wengi hawakuwa wakisema hatutaki kodi. Walikuwa wakiuliza ile ya mwanzo iko wapi. Swali hilo ni bora liulizwe kwenye mkutano wa kijiji kuliko lingoje barabarani.

Na sheria inakuruhusu kuliuliza. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo. Zahanati na vituo vya afya vina akaunti zao, na fedha ya uendeshaji hupelekwa moja kwa moja humo. Kamati ya usimamizi ina wajumbe ambao ni wananchi kama wewe, hawakutoka wilayani. Waulize: robo iliyopita kimeingia kiasi gani, dawa zimenunuliwa za kiasi gani? Shuleni muulize mwalimu mkuu ruzuku ya mwezi huu ni kiasi gani, na muulize kwa upole, kwani mara nyingi yeye mwenyewe ana uchungu nayo kukuzidi.

Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, jambo moja la kukumbuka getini: tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yakisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Na ushuru wa mazao kisheria ni wa mnunuzi, ingawa sote tunajua mnunuzi huukata kwenye bei anayokupa. Ukitozwa, dai risiti ya mashine. Iliyoandikwa kwa kalamu usiikubali.

Mwezi huu tunafanya zoezi dogo. Nenda ofisi ya kijiji chako, tazama ubao wa matangazo kama mapato na matumizi ya robo iliyopita yamebandikwa. Yakiwepo, tutumie ujumbe wa jina la kijiji na kiasi kilichoandikwa. Yasipokuwepo, tutumie jina la kijiji tu. Tutayasoma yote hewani, yaliyobandika na yasiyobandika, na watendaji watakaotaka kujibu tutawapa nafasi ileile.